Kumtafutia mbwa jina la kale Ukambani

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akishavuka nyanda za Athi na kuingia Ukambani, hufuatana na reli ya zamani karibu mwendo wote. Vituo vya reli hiyo vina majina ya kushangaza: Kima, Sultan Hamud, Emali, Simba, Makindu. Wengi wetu huvipita tukiwa tumelala ndani ya basi, vichwa vimeegemea dirisha, tukazinduka Mtito Andei wakati wa kunywa chai. Nakuomba msomaji, siku nyingine ukipita huko fumbua macho. Kila jina lina kisa chake, nami nilipopita nilikuwa na haja ya jina.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Shemeji yangu, anayelima maembe na kunde katika vilima vya Makueni, aliahidi kunipa mbwa mchanga, dume, mwenye rangi ya udongo. Nyumbani kwangu habari hizo zilipofika ubishi ulianza papo hapo. Mwanangu wa kiume alitaka mbwa apewe jina la mchezaji wa kandanda wa Uingereza. Dada yake, ambaye siku hizi amependa vitu vya kale, redio za mbao, picha zisizo na rangi na magauni ya nyanya yake, alishikilia kwamba mbwa sharti awe na jina la kizamani. Mama yao alisema aitwe vyovyote, bora asitafune viatu.

Binti huyo alikuwa amekwisha kuandika orodha. Ndani yake mlikuwa na Winston, Duke, Rufus na Archie. Ni majina mazuri, nayo yamerudi kupendwa na watu wa London na Chicago kwa sababu ndiyo waliyoyatumia mababu zao. Lakini mababu zetu sisi, mbwa dume walimwitaje? Hilo ndilo swali nililopanda nalo gari asubuhi ya Ijumaa.

Kituo cha kwanza kilichonifikirisha ni Kima. Mwezi wa Juni mwaka wa 1900, afisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall alikesha ndani ya behewa kituoni hapo, akimvizia simba aliyekuwa akisumbua watu. Usingizi ukamshinda. Simba akaingia humo humo behewani, akamuua na kutoka naye dirishani. Behewa hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, na mtoto yeyote anaweza kupelekwa kulitazama. Katika Kiswahili cha jikoni kima ni nyama iliyosagwa, na wapo wanaofanya mzaha kwa sababu hiyo. Mimi mzaha huo haujawahi kunichekesha.

Miaka miwili kabla ya hapo, kule Tsavo, simba wawili madume walikuwa wamewala wajenzi wa daraja hata kazi ikasimama, hadi Kanali Patterson alipowaua mnamo Desemba 1898. Basi usishangae kwamba mbele ya Emali kuna kituo kinachoitwa Simba tu, bila pambo. Ukikiona leo utasema kimeonewa kwa kupewa jina kubwa namna hiyo. Ni mahali pa vumbi, miiba na mbuzi. Tangu mwaka wa 2017 abiria wengi wa Nairobi na Mombasa hupita kwa treni mpya, nayo husimama Emali, wala haina habari na Simba.

Hata hivyo jina hilo ndilo nililolifuata. Tafuta mzee yeyote wa Kenya, awe wa Nyeri, Kakamega au Machakos, umwombe akutajie jina la mbwa wa utotoni mwake. Sitaweka dau kwa sababu si tabia yangu, lakini naamini Simba litatajwa mapema sana. Na hapa pana jambo. Mkamba humwita simba munyambu. Mbwa humwita ngiti. Kwa nini basi Mkamba hakumwita mbwa wake Munyambu?

Shemeji, ambaye alinilaki Emali kwa pikipiki, alinijibu bila kufikiri. "Shemeji, hebu simama pale mlimani upige kelele: Munyambu! Nani atabaki nje?"

Alikuwa akitania, lakini nusu ya jibu imo humo. Jina la mbwa ni neno la kupigiwa kelele hadharani, jioni, kutoka ng'ambo moja ya bonde hadi ya pili. Ukiita mnyama wa kweli kwa lugha ya kila siku utawatia watu hofu. Simba lilikuja na Kiswahili, lugha ya misafara, ya reli, ya askari na ya mashamba makubwa. Lilikuwa na ukali wake bila kumfanya jirani akimbilie shoka. Ndivyo pia walivyopatikana akina Chui, Askari na Kali. Haya ni majina ya kale kwetu sawasawa na Rufus kwa Mwingereza, na binti yangu hakuwa ameandika hata moja.

Tena yana sauti inayofaa. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kuhusu uwindaji, akawashauri wawindaji wawape mbwa majina mafupi ili wawaite kwa urahisi. Akaorodhesha majina zaidi ya arobaini ya mfano. Wazee wetu hawakumsoma Xenophon, ila walifika pale pale: silabi mbili, na ya mwisho iwe irabu unayoweza kuivuta kadiri pumzi inavyoruhusu. Simbaaa. Tomiii. Jaribu kumwita Winston kwa mtindo huo jua likizama na mbwa yumo kwenye mahindi ya watu.

Nilipolala kwa shemeji usiku ule, mazungumzo yaligeukia hao akina Tomi. Marehemu baba mkwe alikuwa mpishi katika shamba la mkonge enzi za ukoloni, na shemeji alikulia katika nyumba za wafanyakazi. Anakumbuka kwamba mbwa wa nyumba kubwa walikuwa Jack, Bobby na Tommy. Mbwa hao walipozaa na mbwa wa wafanyakazi, watoto walirithi majina pamoja na masikio. Jack akawa Jeki, Bobby akawa Bobi, na Tommy hakuhitaji kubadilishwa hata kidogo kwa kuwa tangu kuzaliwa kwake jina hilo liliishia kwa irabu. Mpishi alipostaafu akarudi kwao vilimani na sufuria mbili, koti moja na mbwa mmoja. Huyo alikuwa Jeki.

"Kwa hiyo shemeji, haya majina ni ya Wazungu," nilimwambia.

"Yalikuwa," alinijibu. "Wewe umewahi kumwona Mzungu anayeitwa Jeki?"

Si kila jina la nyumba kubwa lilishuka hadi kwa wafanyakazi. Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyeishi chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka wa 1931, alikuwa na mbwa wa kuwindia wa Kiskoti, wakubwa, wenye manyoya ya kijivu. Dume wa kwanza alimwita Dusk, yaani magharibi, ule wakati wa jua kutua. Mwana wa Dusk akaitwa Pania. Nyumba yake imekuwa makumbusho tangu mwaka wa 1986, na watalii hufika kwa mabasi. Lakini katika vijiji vyote nilivyotembelea sijasikia mtu akimwita mbwa Dusk. Jina la kishairi halivuki bonde.

Wala hawakumchukua Nipper, ambaye sura yake ilijulikana pwani na bara kuliko ya mbwa mwingine yeyote. Huyu ni yule mbwa mweupe mwenye masikio meusi, aliyechorwa ameinamisha kichwa mbele ya gramafoni, akisikiliza. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka wa 1884, na mchoro wake ukawa chapa ya santuri za His Master's Voice. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kuimba, kampuni iliyomrekodi ilikuwa hiyo hiyo. Kwa hiyo hata katika nyumba za pwani ambako mbwa haruhusiwi kukanyaga kizingiti, yule mmoja aliingia sebuleni akakaa juu ya santuri. Nilimpendekezea binti yangu jina hilo kwa simu. Alisema linafanana na nepi.

Kesho yake Jumamosi ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu walikusanyika katika uwanja wa shule ya msingi, wengine wakivuta mbwa kwa kamba za katani, wengine kwa minyororo ya baiskeli, na mtoto mmoja amembeba wake ndani ya toroli. Makueni ni miongoni mwa kaunti za kwanza kuchanja mbwa kwa wingi baada ya serikali kutangaza, mwaka wa 2014, mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka wa 2030. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu si jambo la mzaha. Karibu visa vyote vya watu kupata kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa, na wengi wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayeumwa anapaswa kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini akadungwe sindano bila kungoja kuona mbwa atafanya nini. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alinisimulia hayo yote kwa ufasaha kuliko mabango yaliyotundikwa mlangoni.

Daktari wa mifugo alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, na kwa kila mbwa alijaza kadi: jina la mwenye mbwa, kijiji, dume au jike, rangi, jina la mbwa. Nilisimama karibu na kusikiliza. Simba. Simba. Popi. Taiga. Rambo, mbwa mzee mwenye meno mawili. Bosi. Simba tena. Polisi, aliyejificha nyuma ya mwenyewe asiione sindano. Wengi walikuwa madume, kwa kuwa watu wengi kijijini hupendelea dume. Hazai, na hawaleti umati wa wachumba langoni. Majina ya kandanda yalikuwa mawili tu, na wote wawili waling'ata.

Kisha akafika mzee mmoja wa miaka kama themanini, kofia mkononi, akiongozana na mjukuu wa kike na mbwa mweusi aliyetulia.

"Mzee, mbwa anaitwa nani?" daktari aliuliza.

"Ni mbwa."

"Naam, baba. Jina lake ninaloweza kuandika?"

"Hana."

Watu walicheka, mzee hakucheka. Daktari aliweka kalamu chini akangoja. Ndipo mzee akaeleza, si kwa daktari hasa, bali kwa foleni nzima. Zamani alikuwa na mbwa akiitwa Tomi. Mwaka mmoja kulipozuka kichaa cha mbwa, watu walitumwa kutega nyama yenye sumu ili kuua mbwa wasio na wenyewe. Tomi alikuwa na mwenyewe, lakini nyama haiulizi. Alikufa nyuma ya ghala. Tangu hapo mzee amefuga mbwa wanne, na hakuna aliyempa jina. Huwapigia mluzi.

"Kitu usichokipa jina," alisema, "kikifa unatupa."

Hapakuwa na aliyemjibu. Mjukuu alikuwa akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Bila kuinua macho akasema, "Mimi humwita Tomi. Babu akiwa hayupo."

Mzee alimtazama mtoto, akamtazama mbwa, ambaye kwa kusikia hilo neno alikuwa ametikisa mkia. Ilikuwa wazi kwamba mbwa alilijua jina lake kitambo.

"Andika," mzee alimwambia daktari.

Pale uwanjani nilikumbuka mbwa mwingine, wa mbali sana na Makueni. Katika mji wa Edinburgh, Scotland, kuna sanamu ndogo ya mbwa iliyosimamishwa mwaka wa 1873. Ni Bobby wa Greyfriars. Husimuliwa kwamba bwana wake, mlinzi wa usiku aliyeitwa John Gray, alipofariki mwaka wa 1858, mbwa huyo alibaki karibu na kaburi hadi alipokufa mwenyewe mwaka wa 1872. Watu hulia kwa sehemu hiyo ya kisa. Mimi hupenda sehemu nyingine isiyotajwa sana. Mwaka wa 1867 mji huo uliagiza kila mbwa alipiwe leseni, na asiye na leseni auawe. Bobby hakuwa na wa kumlipia. Mkuu wa mji, William Chambers, akalipa, akamvisha ukanda wa shingoni wenye jina lake na mwaka. Ukanda huo umehifadhiwa katika makumbusho ya mji hadi sasa. Wazee wengi wanaomsifu Bobby kwa uaminifu husahau kwamba aliishi miaka mitano zaidi kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali panapoonekana.

Kadi za pale Makueni zilikuwa za karatasi ya manjano, na kazi yake ilikuwa ile ile.

Zamu yangu ilikuwa karibu, nami nilikuwa sijaamua. Mbwa wangu, mwenye miezi mitatu na siku chache, alikuwa amelala ndani ya katoni. Niliyapima majina moja baada ya jingine. Simba nalipenda kwa heshima ya reli na ya wazee, lakini lina kasoro ambayo wafugaji wa mjini huigundua wakiwa wamechelewa: linaanza sawa na simama. Mbwa husikia mwanzo wa neno kabla ya mwisho, na unapomwambia asimame yeye hudhani anaitwa, akaja mbio. Kule vilimani hakuna tatizo, kwani huwaambia uka, yaani njoo, na ikala, yaani kaa, na Simba hagongani na yeyote. Kwangu Nairobi tunazungumza Kiswahili hata na kuku.

Jeki lingekuwa zuri mno, na lingemheshimu marehemu baba mkwe. Ila nyuma ya ukuta wangu kuna gereji, na kutwa nzima fundi humpigia kijana wake kelele amletee jeki ya kuinulia gari. Mbwa angepata wazimu bila kuumwa na yeyote. Tomi nisingeweza kulichukua siku ile, si baada ya yale niliyoyasikia. Tena jirani yetu wa mkono wa kushoto ana mtoto Thomas, na mama yake hupenda kesi. Chui ni jina fupi, la kwetu kabisa, lakini lingemfaa mbwa wa madoadoa, na huyu hana hata doa moja. Askari lina silabi tatu, tena mtaani kwetu ukiita askari watajitokeza watatu wenye rungu.

"Shemeji, unawachelewesha watu," shemeji alininong'oneza.

"Dume?" daktari aliuliza.

"Dume. Rangi ya udongo."

"Jina?"

"Bobi," nilisema. "Kwa i."

Aliandika bila kuuliza zaidi. Sindano iliingia, Bobi akalia mara moja kisha akajaribu kula kona ya kadi. Nilielezwa nimrudishie chanjo kila mwaka, niihifadhi kadi mahali pakavu, na nikihama niende nayo. Chanjo ilikuwa ya bure.

Saa nane tuliteremka hadi Emali kutafuta gari la Nairobi. Utingo alichungulia katoni akasema mbwa atalipiwa nusu nauli kama mtoto. Nilimwonyesha kadi ya manjano. Aliisoma juu hadi chini, akairudisha, akasema basi Bobi akae miguuni pangu na asitoe kichwa dirishani tukifika kwenye mizani.